Nilipanda Mwenyewe

Marehemu alikunywa chai yake vizuri kabisa, mpaka pale alipofuta pua.

Restituta Mapunda, ambaye chuoni kote aliitwa Resti, aliacha kutafuna kalamu. Alikuwa kwenye chumba cha kuhariria tangu asubuhi pamoja na mwalimu wake, Ngailo, wakiangalia onyesho la saba la filamu yake fupi ya kumalizia masomo. Kwenye kioo, rafiki yake Wendelina Kihwele, waliyemzika wiki tisa zilizopita, alikuwa ameketi kwenye benchi la kantini akiwa na kikombe mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Alipuliza chai, akanywa, akamgeukia mtu asiyeonekana na kusema maneno yaliyoandikwa kwenye mswada: "Ukinikumbuka, usinikumbuke nimenuna." Sauti ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wa asubuhi ulikuwa wake. Hata jicho la kushoto lilitangulia kucheka kabla ya la kulia, kama kawaida yake. Kisha akainua mkono wa koti, akafuta pua kuanzia kushoto hadi kulia, akapandisha bega moja kama kuku aliyenyeshewa.

"Hapo!" Mwalimu Ngailo alipiga paja. "Umekiona hicho kibega? Hicho huwezi kumfundisha mwigizaji hata kwa mwaka mzima. Hapo ndipo mtu mwenyewe alipo."

Resti alirudisha kipande nyuma, akakitazama tena. Alihisi baridi ikimwanzia magotini, na haikuwa baridi ya Iringa ya mwezi wa sita ambayo kila mtu alikuwa akiilalamikia.

Wende hakuwahi kufuta pua namna ile maisha yake yote. Wende alikuwa mtu wa leso, tena leso nyeupe iliyopigwa pasi na kukunjwa mara nne, na darasa zima lilikuwa likimcheka kwa hilo. Mtu aliyefuta pua kwa mkono wa koti na kupandisha bega alikuwa Resti, siku ya maziko, mbele ya jeneza.

*

Tusidanganyane, marehemu kuigiza halikuwa jambo la kushangaza tena. Zama hizo hata sabuni zilitangazwa na watu waliokwishazikwa, na waombolezaji walizoea kumkuta bibi yao akiwakaribisha mlangoni kwenye kioo, akiwauliza kama wamekula. Kazi hiyo ilifanywa na mashine iliyoitwa Kirejeshi. Ulikipa picha, sauti na ujumbe wa simu wa mtu wako, nacho kikavichambua: jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kukataa jambo, jinsi anavyoweka uzito kwenye kisigino, anasita wapi na anakimbilia wapi. Mwishowe kilikukabidhi mwangwi, yaani mtu wako aliye tayari kutenda asiyowahi kutenda na kusema asiyowahi kusema. Pale ambapo kumbukumbu hazikutosha, Kirejeshi kilijaza. Neno hilo, kujaza, lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wake, na wanafunzi walilipita kama tunavyopita salamu za kwenye kalenda.

Filamu yenyewe waliiandika wawili, Resti na Wende, kabla msiba haujabisha hodi. Ilihusu marafiki wawili waliokaa chumba kimoja, mmoja akafa, mwingine akabaki hajui la kufanya na nusu ya kabati. Wende alikuwa mpiga picha wa darasa, mtu wa nyuma ya kamera, lakini kwa kuwa walikuwa wawili tu na filamu ilihitaji sura mbili, alikubali kuigiza yule anayekufa. "Angalau nitapumzika mapema," alisema. Walicheka sana siku ile. Walikuwa wamepiga maonyesho manne kati ya tisa alipoanguka kutoka kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya chuo.

Kwa sababu alikaa nyuma ya kamera miaka yote, kumbukumbu zenye sura yake zilijaa saa nne tu, wakati Kirejeshi kilitaka angalau saa kumi. Resti alikwangua kila mahali. Alichukua sherehe za kuzaliwa, mazoezi ya darasani, ujumbe wa sauti wa kuombana chumvi. Mwisho akachukua kila kitu kilichowekwa kwenye kundi la simu la msiba wa Wende, mamia ya vipande vilivyorushwa na ndugu na jirani, akavimimina vyote bila kuvitazama, maana alikuwa hana moyo wa kuvitazama.

Humo ndimo alimokuwa yeye.

*

Resti ni Mngoni, na Wende alikuwa Mhehe. Wazee husema babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua kutaniana. Kwa hiyo msibani Resti hakuwa mgeni wala mfiwa, alikuwa mtani, na mtani ana kazi yake. Huzuia jeneza, huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake, ili watu waliolia siku tatu wapate mahali pa kucheka kabla ya kaburi. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejitia aibu mwenyewe.

Alivaa koti la Wende lenye mifuko kumi na moja. Akasimama langoni, akatanua mikono mbele ya vijana waliobeba jeneza. "Mnanipeleka wapi? Picha bado! Nani kawaambia mshike kitu kabla sijasema?" Uwanja ukalipuka. Akatembea kama Wende, lakini akautia chumvi mwendo ule kama utani unavyotaka: akafuta pua kwa mkono wa koti, akapandisha bega, akawakagua waombolezaji kama kuku wa kuuzwa. Watu walishikana mbavu huku machozi yakiwatoka. "Wende huyo!" walipiga kelele. "Wende kabisa!" Simu zaidi ya ishirini zilikuwa juu zikinasa.

Ndipo baba mdogo wa marehemu, kwa kunogewa tu, akauliza: "Haya Wende, hebu tuambie. Nani alikupandisha kwenye lile jiwe?"

Kicheko kilikatika. Mama Wende, aliyekuwa ameketi mkekani akiwa ameinamisha kichwa, alikiinua. Resti aliyaona macho yale. Ulimi hauna mfupa, na ndani ya koti la mwenzake alijiona amefichika vizuri.

"Nilipanda mwenyewe!" alijibu kwa sauti ya Wende. "Kichwa changu kigumu, nani hajui? Msimlaumu mtani wangu!"

Uwanja mzima ulishusha pumzi, ukacheka. Mama peke yake hakucheka, aliendelea kutazama tu mpaka jeneza lilipopita.

Kilichotokea jioni ile jiweni alikijua Resti peke yake. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita. Wende alikuwa amekwishapanda mara mbili na kushuka, na mara ya tatu akasimama chini, mkono mmoja juu ya jiwe, akasema, "Resti, naogopa. Limelowa." Naye Resti, jicho kwenye kamera, akamjibu, "Mara moja tu. Jua linatuacha." Resti aliwaambia polisi kwamba Wende alipanda mwenyewe kutafuta pembe nzuri ya picha. Chuoni alisema hivyo hivyo. Kipande kilichonasa yote alikifuta usiku ule ule akiwa kwenye choo cha hospitali, maji ya bomba yakitiririka ili mtu asisikie kilio chake.

*

Simu ya Mama Wende iliita saa nane mchana, Mwalimu Ngailo akiwa bado anashangilia kibega.

"Kamwene, Resti."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Wiki tisa zilikuwa zimepita bila mama kumwita mwanangu. "Nakupigia kukuambia nimemuuliza."

Sheria ilikuwa hivi: mwangwi wa marehemu haukuruhusiwa kuonyeshwa kwa watu mpaka ndugu wa damu akae nao siku saba nyumbani, aone kama ndiye au siye, kisha atie sahihi. Asipotia, unafutwa pamoja na kila ulichojifunza. Katika siku hizo saba mwangwi ulisikiliza yanayosemwa nyumbani na kujirekebisha, maana nani anamjua mtu kuliko nyumba yake? Kisanduku chenye mwangwi wa Wende kilikuwa sebuleni kwa mama kwa siku ya tano sasa.

"Umemuuliza nini, mama?"

"Si unajua. Siku nne nilikuwa naogopa kuuliza. Leo nimejikaza. Nikamwambia, mwanangu, nani alikuambia upande? Akaniambia alipanda mwenyewe, kichwa chake kigumu, nisikulaumu wewe." Mama alipenga pua. "Nisikilize, Resti. Nilikuwa nimekuwekea kitu moyoni. Hata jina lako nilikuwa sitaki kulisikia, nikisali nilikuwa nakuruka. Sasa amesema mwenyewe. Njoo Jumamosi mchana, ule kwangu, niweke hiyo sahihi yenu."

Resti alisema ndiyo, mama, asante mama, akakata simu.

Alimweleza mwalimu nusu ya mambo. Alimwambia vipande vya mtani vimeingia kwenye mwangwi, kwamba kibega ni chake yeye, na jibu alilopewa mama ni la kwake yeye pia. Jiwe hakuligusa.

Mwalimu Ngailo alisogeza kiti chake karibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwangwi wa mke wake nyumbani, na kila mtu chuoni alijua kwamba hupika chakula cha watu wawili.

"Utafanyaje?" aliuliza.

"Sijui. Nimwambie."

"Umwambie kwamba faraja aliyoipata ni kichekesho cha mtani? Halafu? Unadhani yule wangu ni yeye mtupu? Dada zake wawili wamo ndani, kwa sababu hakupenda kupigwa picha. Wakati mwingine anacheka kicheko cha shemeji yangu. Nimezoea." Alivaa koti lake. "Mama ameanza kulala usingizi, Resti. Na kama Wende alipanda mwenyewe kweli, basi nani kadanganywa? Si umesema alipanda mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Resti.

"Basi."

*

Alipobaki peke yake alijaribu kusafisha. Alifungua orodha ya vyanzo, akateua vipande vyote vya msibani, akavitoa, akakiamuru Kirejeshi kijenge upya.

Wende alirudi kwenye benchi. Uso ulikuwa mzuri kuliko mwanzo, mtulivu, na leso ilikuwa mfukoni. Resti akamwambia asimame aende dirishani kama mswada unavyosema. Wende aliinua macho, akatabasamu, lakini hakusimama. Resti akarudia amri, na Wende akatabasamu tena vile vile. Chini ya kioo pakaandikwa kwamba mwendo wa mtu huyu haupo kwenye kumbukumbu.

Resti alichukua muda kuelewa. Katika saa zote zile za sherehe, mazoezi, na hata yale maonyesho manne, Wende alikuwa amekaa, au ameegemea, au anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Hakuna aliyewahi kumpiga picha akitembea, maana mwenye kamera alikuwa yeye. Mahali pekee ambapo Wende alionekana kuanzia kichwani hadi miguuni akitembea palikuwa uwanja wa msiba wake mwenyewe.

Alivirudisha vipande. Wende akasimama, akaenda dirishani. Resti aliutazama ule mgongo ukienda na nywele zikamsimama, maana ulikuwa mgongo wake. Kila mtu huijua nguo yake hata ikivaliwa na mwingine. Wende alifika dirishani, akageuka, na uso ulikuwa wa Wende.

"Wende," Resti alisema. Hakuwa amepanga kusema. "Nani alikuambia upande?"

"Nilipanda mwenyewe. Kichwa changu kigumu, nani hajui?"

"Uliogopa?"

Mwangwi ulisita. Hilo halikuwamo kwenye kipande chochote. Resti aliliona jicho la kushoto likitafuta, na alijua kwamba mahali fulani ndani ya mashine kitu kinajaza.

"Niogope nini?" alisema Wende, akicheka. "Wewe si ulikuwepo? Jua lilikuwa linatuacha."

Resti alirudi nyuma, kiti kikaanguka. Maneno yale hakuwahi kumwambia mtu. Ilimchukua dakika nzima kukumbuka kwamba aliyasema kila walipotoka kupiga picha, kwa miaka miwili, na kwamba katika saa zote nne za Wende sauti yake ilikuwemo kwa nyuma ikimharakisha: jua linatuacha, haya, jua linatuacha. Kirejeshi kiliyaokota tu hapo. Lakini hata baada ya kuelewa hakuthubutu kukigeuzia mgongo kioo. Alikizima akiwa anakitazama, akatoka kinyumenyume.

Njiani kuelekea bwenini alijisemea kwamba mwalimu alisema kweli. Mama amelala usingizi. Akisema, atamwamsha, na atamwamshia nini? Mtoto harudi. Na yeye Resti atapoteza filamu na cheti, na pengine atarudi polisi. Akinyamaza, kila mtu atakuwa salama, na marehemu mwenyewe ndiye shahidi. Aliligeuza jambo hilo mara nyingi, na kila alipoligeuza lilikuwa na akili. Kilichomshinda kilikuwa kidogo tu. Wende alisema anaogopa. Lilikuwa neno lake la mwisho, na sasa hapakuwa na mahali popote duniani lilipobaki, isipokuwa kwenye kichwa cha mtu aliyelipuuza.

*

Jumamosi mchana Mama Wende alikuwa amepika ugali wa ulezi, kunde na kuku mzima, kuku wa mgeni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kusuka vikapu vya majani ya milulu, na kikapu kimoja nusu kilikuwa kando ya kiti chake. Kisanduku kilikuwa juu ya kabati la vyombo, kimetandikiwa kitambaa kilichofumwa, na kwenye kioo chake Wende aliwatazama kama mtu aliyekaa kwenye dirisha la nyumba ya jirani.

"Mtani wako kaja," mama alimwambia.

"Nimemwona, njaa yake imetangulia," alijibu Wende, na mama akacheka hadi akajishika kifua. Resti alitabasamu. Utani ule ulikuwa wake.

Walinawa. Mama alimega kipaja cha kuku akamwekea Resti kwenye sahani. "Kula. Ukimaliza nitie hiyo sahihi. Nimeshawaambia na watu wa jumuiya, waje kuiona filamu. Hebu Wende, mwambie na yeye ulivyoniambia, asikie kwa masikio yake. Naona bado ana huzuni."

"Mama, usi..."

"Nilipanda mwenyewe," alisema Wende kwa furaha kutoka kabatini. "Msimlaumu mtani wangu."

Resti alikuwa ameinua tonge. Alilirudisha kwenye sahani, kitendo cha aibu mbele ya mwenyeji, akafuta mkono.

"Mama, yule si yeye. Yale ni maneno yangu, niliyasema siku ya maziko nilipokuwa nimevaa koti. Mashine iliyaokota kwangu ikadhani ni ya Wende." Alipoanza, aliogopa kunyamaza. "Na ni uongo. Hakupanda mwenyewe. Alikuwa chini, akaniambia anaogopa, jiwe limelowa. Mimi ndiye niliyemwambia apande. Nilimwambia mara moja tu."

Nje jirani alikuwa akipiga kelele kuwafukuza mbuzi kwenye mahindi, na ilisikika kana kwamba yumo humo sebuleni.

"Si mlikuwa na kamera," mama alisema baadaye.

"Ndiyo, mama."

"Picha yake iko wapi?"

"Niliifuta."

"Kwa hiyo alichosema mwanangu, hakuna kilipobaki."

"Hakuna, mama. Ninacho mimi tu."

Mama alitazama kisanduku, akamtazama Resti, kisha akasogeza sahani yake pembeni polepole. "Simama," alisema.

"Mama?"

"Wewe si mtani? Langoni pangu, mbele ya watu, ulimudu. Simama unipe maneno yake. Yake, siyo yako."

Resti alisimama katikati ya sebule, mikono haina pa kwenda. Alifungua mdomo na sauti haikuja. Siku ya maziko ilikuja yenyewe kama maji, na leo ilibidi aitafute, aipite ile sauti ya kuchekesha, aipite na ile ya kwenye kioo, mpaka akamfikia msichana aliyesimama chini ya jiwe akiwa ameliwekea mkono. Msichana yule hakuwa na kibega wala kelele. Alikuwa anasema chinichini, kwa haya, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Resti, naogopa. Limelowa."

Mama alijishika mdomo. Kisha akauondoa mkono, akamwuliza, na hakuwa anamwuliza Resti. "Naye akasemaje?"

"Akasema mara moja tu. Akasema jua linatuacha."

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Nikapanda."

"Kwa nini ulipanda, na ulikuwa unaogopa?"

Majibu yalimjia Resti matatu kwa mkupuo, na yote yalifanana na Wende. Kwa sababu nampenda rafiki yangu. Kwa sababu sikutaka kuharibu kazi. Kwa sababu nilidhani nitaweza. Lolote kati ya hayo lingempoza mama, na pengine mojawapo lilikuwa kweli. Alihisi yanajipanga mdomoni yenyewe, tayari, na sauti ipo. Akaufunga mdomo mpaka meno yakauma.

"Sijui, mama," alisema, kwa sauti yake. "Hapo hakuniambia. Akapanda tu."

Mama alilia bila kelele, mabega yakipanda na kushuka. Alipoweza kusema aliitazama ile nafasi tupu mbele ya Resti, mahali ambapo jiwe lingeanzia kama lingekuwa sebuleni.

"Basi shuka, Wende," alisema. "Imetosha, mwanangu. Shuka."

"Nashuka, mama."

Haikuwa sauti ya Resti. Ilitoka kabatini, chinichini, kwa haya, sauti ile ile ya chini ya jiwe. Kisanduku kilikuwa kimesikiliza yote na kujirekebisha. Kwenye kioo Wende hakuwa akicheka tena. Alikuwa amewakazia macho, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama mtu anayepapasa pa kukanyaga, na kwa mara ya kwanza tangu arejeshwe alifanana na yeye mwenyewe kabisa.

Mama alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu.

"Zima," alisema.

"Mama, nikizima kabla ya sahihi vinafutika vyote, hata vya chuoni. Havirudi tena." Alisita. "Na sasa hivi ndipo ameanza kuwa..."

"Nimeona alivyoanza kuwa. Nimemwambia ashuke, nawe unataka nimrudishe juu kila siku nikitaka kuongea? Zima."

Resti alikwenda kabatini. Wende alimtazama kwa karibu, na jicho la kushoto lilianza kucheka kabla ya la kulia. Resti alibonyeza, akashikilia mpaka kioo kikawa cheusi na taa ndogo ya pembeni ikafa.

Mama alijifuta uso kwa kanga, akaketi vizuri. Aliposema tena, sauti ilikuwa kavu.

"Mwezi ujao tunaweka msalaba kaburini. Watakuja wote waliokucheka siku ile, na baba yake mdogo atakuwepo. Utasimama pale pale langoni, uwaambie ulichoniambia mimi. Kama na polisi wanataka kusikia, watasikia."

"Ndiyo, mama."

"Kukusamehe sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, usiniharakishe."

"Ndiyo, mama."

Mama aliisukuma sahani ya Resti mbele yake, kile kipaja cha kuku kikiwa bado juu yake.

"Sasa kula. Sitaki waseme ulitoka kwangu na njaa."

Resti akaketi, akala. Mama aliokota kikapu chake akaendelea kusuka, na hakumtazama mpaka sahani ilipokwisha.